Kobalti Inatoka Kwetu, Moyo Unatibiwa Kwingine

Mhadhara kwa wakazi wa Kamalondo, Lubumbashi, juu ya vifaa na tiba mpya za moyo na mishipa ya damu

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Sitamwandikia mtu dawa, na yeyote atakayesikia kifua kinambana wakati nikiongea asingoje nimalize: aondoke, aende kwa munganga, mhadhara atausoma baadaye.

Nimeombwa nieleze mambo mapya yanayotokea duniani katika kutibu moyo na mishipa ya damu. Ni mengi kuliko jioni moja. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba magonjwa haya yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019, yaani karibu theluthi moja ya vifo vyote, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo kila mwaka wahandisi na madaktari wanaleta kitu kipya. Nisipokuwa na kipimo, nitawasomea orodha ya maajabu, mtapiga makofi, na kesho hakuna kitakachobadilika mtaani.

Kipimo changu ni maswali mawili. La kwanza: kifaa hiki kinamfikia mgonjwa mapema kiasi gani? La pili: kikishafika, nani atakitunza? Kwa maoni yangu, kinachoyajibu maswali hayo vizuri ndicho kipya kwetu, hata kama kiligunduliwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kinachoshindwa kuyajibu ni pambo, hata kama kimetoka kiwandani wiki iliyopita.

Metali yetu ndani ya mishipa ya watu

Tuanze na kitu kidogo sana, stenti. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe hulishwa na mishipa midogo inayouzunguka kwa nje. Mmojawapo ukizibwa na mafuta na damu iliyoganda, sehemu ya msuli wa moyo hukosa oksijeni na kuanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Zamani, kulipita zibo hilo kulidai kupasua kifua na kupandikiza kipande cha mshipa mwingine. Tarehe 16 Septemba 1977, mjini Zürich, daktari Mjerumani Andreas Grüntzig alipitisha mpira mwembamba katika mshipa wa mgonjwa aliyekuwa macho, akausukuma mpaka kwenye moyo, akajaza kiputo kilichokuwa nchani, na mshipa ukafunguka. Lakini mingi iliyofunguliwa hivyo ilijifunga tena baada ya miezi. Mwaka 1986, Jacques Puel nchini Ufaransa na Ulrich Sigwart nchini Uswisi wakaanza kuacha ndani ya mshipa kimia cha metali cha kuushikilia ubaki wazi. Kimia hicho ndicho stenti.

Stenti za mwanzo zilikuwa za chuma cha pua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji waligeukia aloi ya kobalti na kromi, na hapo fizikia yangu inapata kazi. Aloi hiyo ina nguvu kuliko chuma cha pua, hivyo nyuzi za kimia ziliweza kupunguzwa unene kutoka maikromita 130 hivi hadi karibu 80, kiasi cha unene wa unywele, bila kimia kulegea. Kobalti pia ni nzito, kwa hiyo daktari huiona vizuri kwenye picha ya eksirei. Uzi ukiwa mwembamba, ukuta wa mshipa hauumii sana na hupona haraka.

Angalieni pia betri ya moyo, kile kifaa kinachoupa moyo mpigo pale umeme wake wa asili unapodhoofika. Aliyewekewa cha kwanza ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, mjini Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Kiliharibika baada ya saa chache tu, lakini Larsson aliendelea kubadilishiwa, akatumia 26, na akaishi mpaka mwaka 2001. Nyaya zinazopeleka umeme kutoka kwenye betri hadi kwenye msuli mara nyingi hufumwa kwa aloi ambayo asilimia 35 yake ni kobalti. Moyo hupiga mara kama 100,000 kwa siku, na waya wa kawaida ungekatika kwa kupindwapindwa.

Kongo inachimba takribani asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na karibu yote inatoka katika ukanda huu wa Lubumbashi, Likasi, Fungurume na Kolwezi. Hakuna awezaye kuapa kwamba kimia fulani katika kifua cha mzee wa Tokyo kilitoka katika mgodi fulani. Lakini kwa hesabu ya kawaida, wako watu wengi Ulaya, Asia na Marekani wanaotembea na udongo wa Katanga ndani ya mioyo yao. Watu wa hapa wenye uwezo, wakihitaji kimia hicho hicho, huvuka mpaka wa Kasumbalesa kuelekea kusini au hupanda ndege kwenda India. Wasio na uwezo hubaki.

Kobalti hiyo hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1965 na 1966, mjini Quebec, Kanada, wanywaji wa bia wapatao 50 waliugua, mioyo yao ikavimba na kushindwa kusukuma damu. Takribani 20 wakafa. Ilikuja kujulikana kwamba kiwanda kilikuwa kinatia chumvi ya kobalti katika bia ili povu likae juu ya glasi kwa muda mrefu. Nusu karne baadaye, mwaka 2018, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake, wakiwemo wa Leuven nchini Ubelgiji, walichapisha utafiti wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walikuta kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakazi, na watoto walikuwa nayo zaidi. Walevi wa Quebec walikuwa wanakunywa sana na kula vibaya, kwa hiyo siwezi kusema kinachowasubiri watu wa Kasulo ni kile kile. Ninachosema ni kwamba mtu anayeishi juu ya kobalti ana haki ya kupimwa moyo kabla ya yule atakayeinunua.

Moyo unaposimama mbele ya umati

Uwanja wa klabu ya Mazembe uko hapa hapa Kamalondo tangu mwaka 2011, unachukua watu wapatao 18,000, na siku ya mechi kubwa wengine wengi hubaki barabarani na kwenye baa. Kwa hiyo naomba tuzungumze juu ya mpira.

Tarehe 26 Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka katikati ya uwanja wa Lyon wakati wa nusu fainali dhidi ya Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Msuli wa moyo wake ulikuwa mnene kupita kiasi, hali ya kuzaliwa nayo ambayo hakuna aliyeijua. Hakuamka tena. Tarehe 17 Machi 2012, kijana wetu Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyehamia Uingereza akiwa mtoto, alianguka katika uwanja wa White Hart Lane, London, akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake haukupiga vizuri kwa dakika 78. Alishtuliwa kwa umeme mara 15, uwanjani, katika njia ya kutokea na ndani ya gari la wagonjwa. Daktari wa moyo aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, Andrew Deaner, aliruka kutoka kitini akaingia kusaidia. Muamba yuko hai. Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen, akashtuliwa pale pale, akawekewa ndani ya kifua kifaa kinachoushtua moyo chenyewe kila mpigo unapovurugika. Miezi minane baadaye alikuwa uwanjani tena.

Kati ya 2003 na 2021 dunia ya mpira ilijifunza kitu: kusimama kwa moyo si lazima kuwe kifo, iwapo watu wa karibu wanajua la kufanya na mashine iko karibu. Mara nyingi moyo wa aina hiyo haujanyamaza kabisa. Umeme wake umevurugika, unatetemeka bila kusukuma damu. Mashine hupitisha umeme mwingi kwa sehemu ndogo ya sekunde, fujo inakatika, na mpigo wa asili unapata nafasi ya kurudi. Mashine za siku hizi huzungumza: unabandika vibandiko viwili kifuani, inasoma mpigo yenyewe, na kama kushtua hakufai, inakataa. Mtoto wa sekondari anaweza kufundishwa kuitumia.

Lakini kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Baada ya dakika kumi karibu hakuna kilichobaki, na hakuna gari la wagonjwa litakalolipita soko na msongamano wa siku ya mechi kwa dakika kumi. Kwa hiyo mkono wa jirani unatangulia mashine. Aliyeanguka, asiyeitika wala kupumua kawaida, mlaze chali. Weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, na ubonyeze kwa nguvu, sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akikimbia kuita msaada. Usimwagie maji. Usimwinue akae. Hiyo ndiyo teknolojia ya kwanza jioni hii inayoyajibu maswali yangu mawili, na bei yake ni mafunzo ya nusu siku.

Kuhusu mashine yenyewe, kila uwanja, shule na kanisa kubwa la mji huu liulizwe kwa adabu: iko wapi, nani ana ufunguo, vibandiko na betri vinaisha muda lini? Mashine iliyofungiwa kabatini na betri iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa inawapumbaza watu wadhani wamejiandaa.

Kuuona ugonjwa kabla haujajitangaza

Miongoni mwa wagonjwa wa moyo wa Afrika wapo wengi vijana, na hapo ndipo tunapotofautiana na Ulaya. Mtoto anaumwa koo, na bakteria ya streptokoki isipotibiwa, kinga ya mwili inaweza kukosea na kuanza kushambulia valvu za moyo. Hiyo ni homa ya rumatizimu. Inajirudia, valvu zinakakamaa na kuvuja, na miaka kumi baadaye binti mwenye mimba anashindwa kupumua usiku. Duniani zaidi ya watu milioni 40 wanaishi na valvu zilizoharibika hivyo, wengi wao katika mitaa yenye msongamano kama yetu.

Ugonjwa huu huanza kimya kabla ya dalili yoyote, na ekografi ya moyo, picha inayochorwa kwa mawimbi ya sauti, huweza kuuona katika hatua hiyo. Kwa miaka mingi mashine ya ekografi ilikuwa kabati zima. Siku hizi ipo ya kushikwa mkononi, inayochomekwa kwenye simu au tableti, na mojawapo ya aina zake inatoa mawimbi ya sauti kwa kutumia kipande cha silikoni, kama zile chipu za kompyuta, badala ya fuwele za zamani. Bei imeshuka mpaka kiasi ambacho kituo cha afya kinaweza kukifikiria, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kupima darasa zima.

Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha faida yake. Katika eneo la Gulu, kundi lililojumuisha Andrea Beaton na Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda lilipima zaidi ya watoto 100,000 kwa ekografi. Kisha watoto 818 wenye ugonjwa wa hatua hiyo ya kimya waligawanywa mafungu mawili: fungu moja likapata sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, lingine likafuatiliwa bila sindano. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2021. Miongoni mwa waliopata sindano, ugonjwa ulisonga mbele kwa asilimia 0.8 yao tu. Miongoni mwa wasiopata, kwa asilimia 8.2. Penisilini ni dawa ya enzi za babu zetu. Kipya kilikuwa macho ya kumwona anayeihitaji.

Kamerun ina mfano wa namna nyingine. Mhandisi kijana, Arthur Zang, aliona kwamba madaktari wa moyo wa nchi yake ni wachache na wamejikusanya katika miji mikubwa. Akabuni Cardio-Pad, tableti inayochukua mchoro wa umeme wa moyo wa mgonjwa kijijini na kuutuma kwa mtandao wa simu hadi kwa mtaalamu, naye anarudisha jibu. Mwaka 2016 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa Tuzo ya Afrika. Kipimeni kifaa hicho kwa maswali yangu mawili. Kinamfikia mgonjwa pale alipo, na aliyekitengeneza anapatikana kwa simu.

Tansio

Sasa nije kwenye adui mkubwa, ambaye hana sura ya kuonyesha kwenye televisheni. Tansio, au presha. Ndiyo inayopasua na kuziba mishipa ya ubongo ikaleta kiharusi, ndiyo inayochosha moyo na kuharibu figo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, karibu nusu yao hawakujua, na ni mmoja tu kati ya watano ambaye presha yake ilikuwa imedhibitiwa. Huwezi kuihisi. Yule mzee anayesema, "Mimi nina nguvu, nakula bukari yangu na makayabo, sina tansio," hajapimwa.

Kuna mambo mapya ya kusisimua hapa. Mwishoni mwa 2023 Marekani iliidhinisha njia ya kupitisha mpira mwembamba hadi mishipa ya figo na kuunguza neva zinazopandisha presha. Katika majaribio ipo sindano iitwayo zilebesiran, inayoliambia ini lipunguze kutengeneza protini ambayo mwisho wake hubana mishipa. Sindano moja imeonekana kushusha presha kwa miezi. Kwa lehemu, yaani kolesteroli, tayari ipo inclisiran, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka baada ya dozi za kuanzia. Wazo la sindano hizi ni zuri kwetu, kwa sababu kidonge cha kila siku husahauliwa au hela yake hukosekana. Bei zake, kwa sasa, si zetu.

Kilicho chetu tayari ni maarifa. Kwa muda mrefu vitabu vya tiba viliandikwa kwa kuangalia wagonjwa wa kwingine. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uitwao CREOLE, uliofanywa kwa watu 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Ulilinganisha dawa mbilimbili zilizounganishwa, na ukaonyesha kwamba jozi zenye amlodipine zilishusha presha ya Waafrika hao kuliko jozi isiyokuwa nayo. Mwaka 2024 ukaja utafiti wa Nigeria kwa watu 300: kidonge kimoja chenye dawa tatu kwa vipimo vidogo kilishinda utaratibu wa kawaida wa kuanza na dawa moja na kuongeza polepole. Amlodipine ni dawa rahisi, haina mwenye hataza tena. Kwa mtu wa Kamalondo, kidonge kimoja asubuhi badala ya vitatu vya nyakati tofauti ni mageuzi makubwa kuliko roboti ya upasuaji.

Na kipimo chenyewe? Ule mkanda wa mkononi wenye betri. Hakuna kifaa kingine cha moyo kinachojibu maswali yangu mawili vizuri kama huo. Mwalimu anaweza kuutumia, kinyozi anaweza, mama muuza kitenge anaweza, mradi umehakikiwa na mpimwaji amekaa na kutulia dakika tano.

Mlango wa mwisho

Sitaki mtu aondoke akidhani ninadharau tiba kubwa. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Alain Cribier aliweka valvu mpya ya moyo kupitia mshipa wa mguu bila kupasua kifua. Leo ni tiba ya kawaida kwa wazee wa nchi tajiri. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha betri ya moyo isiyo na nyaya, ndogo kama kidonge kikubwa, inayokaa ndani ya chumba cha moyo. Tarehe 7 Januari 2022, mjini Baltimore, David Bennett alipandikizwa moyo wa nguruwe uliobadilishwa jeni zake, akaishi nao miezi miwili.

Lakini tazameni kwa makini mambo haya yalitengenezwa kwa ajili ya nani. Valvu ya Cribier ilibuniwa kwa mzee ambaye valvu yake imekakamaa kwa chokaa. Binti yetu wa miaka 22 mwenye valvu iliyoharibiwa na homa ya rumatizimu ana ugonjwa mwingine, mara nyingi katika valvu nyingine. Huyo alifikiriwa zaidi na Mjapani Kanji Inoue, ambaye miaka ya 1980 alibuni kiputo cha kufungulia valvu iliyobana. Mjini Cape Town, daktari wa upasuaji Peter Zilla na wenzake wamekuwa wakitengeneza valvu za kupitishwa kwa mshipa kwa ajili ya wagonjwa wa rumatizimu. Kila mara mwuzaji anapotuletea kifaa, tumuulize kilijaribiwa kwa mgonjwa wa namna gani.

Tiba kubwa inawezekana katika ukanda wetu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2015. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyehitaji upasuaji wa moyo mara nyingi alitegemea kupelekwa India. Sasa wengi wanatibiwa nyumbani, na wagonjwa wa nchi jirani wanaifuata. Mjini Khartoum, kituo cha Salam cha shirika la Kiitaliano Emergency kilianza mwaka 2007 kupasua mioyo bila malipo kwa Waafrika wa nchi nyingi, kisha vita vya Aprili 2023 vikaufikia mji huo. Hilo nalo ni somo: ukanda mzima usitegemee mlango mmoja.

Ipo pia njia ambayo wengine wataionea haya, nami siioni kuwa ya aibu. Betri ya moyo ya marehemu mara nyingi huwa na miaka ya kazi iliyobaki. Chuo Kikuu cha Michigan kina mradi wa kuzikusanya, kuzisafisha na kuzipima upya. Jaribio lililowasilishwa Novemba 2024, kwa watu karibu 300 katika nchi saba, Kenya na Msumbiji zikiwemo, lilionyesha kwamba katika miezi mitatu ya kwanza hazikuwa duni kuliko mpya. Kwa mtu ambaye moyo wake unapiga mara 30 kwa dakika na hana dola elfu kadhaa, betri iliyotumika ni uhai.

Mitego

Vifaa hivi vipya vina mitego miwili ninayotaka muijue. Wa kwanza ni programu za kompyuta zinazojifunza kusoma moyo. Zinaweza kumsaidia sana muuguzi asiye na mtaalamu karibu. Lakini programu hujua ilichoonyeshwa, na mioyo iliyoonyeshwa mingi haikuwa ya kwetu. Tuna onyo tayari: mwishoni mwa 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwa mwanga kilikosa kuona upungufu hatari kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa kilikuwa kimetumika miaka mingi. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Lubumbashi na hospitali zetu ziwe na vipimo vyao wenyewe vya mioyo ya watu wa hapa, vikitunzwa kwa ridhaa ya wagonjwa, ili mashine ijaribiwe kwetu kabla ya kuaminiwa.

Wa pili ni matengenezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya taarifa za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, ulikuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Umeme unapanda na kushuka, kipuri hakipatikani, fundi hakufundishwa. Sisi ni mji wa mafundi. Babu zetu walitunza tanuri na treni, vijana wetu hapa mtaani hufungua simu yoyote na kuifunga. Fundi wa vifaa vya hospitali ni fani ya kusomewa, na kitivo cha ufundi cha chuo kikuu chetu kinaweza kuwatoa.

Tudai nini, na kwa mpangilio gani

Nifikie hitimisho, papa na mama. Mtu wa Kamalondo atanielewa nikisema kwamba timu yenye kipa hodari na viungo wasiokaba itafungwa tu. Chumba cha upasuaji wa moyo ni kipa. Tunamhitaji, lakini tusitumie hela zote kumnunua.

Kwa hiyo la kwanza tunalodai ni presha kupimwa katika kila kituo cha afya, shule ya walimu, soko na kanisa, na kidonge cha dawa zilizounganishwa kupatikana kila mwezi bila kukatika. La pili, watoto wa shule wapimwe kwa ekografi ya mkononi, na penisilini isikosekane kwa watakaokutwa na ugonjwa. La tatu, mafunzo ya kubonyeza kifua kwa vijana wote, na mashine za kushtua moyo zenye mtu anayewajibika kuzikagua. La nne, mafundi. La tano ndipo kije chumba cha mipira myembamba na stenti hapa Lubumbashi, kitakachotumikia Katanga nzima na kushirikiana na Dar es Salaam, Kampala na Lusaka.

Hela? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za eneo lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka huo huo kobalti ilitangazwa kuwa madini ya kimkakati na mrabaha wake ukawekwa asilimia 10. Tena Februari 2025 nchi yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje ili bei ipande, na soko la dunia likashtuka. Nchi inayoweza kusimamisha kobalti ya dunia inaweza pia kuandika katika mkataba kwamba sehemu ya vifaa vinavyotengenezwa nayo irudi katika hospitali za mahali ilipochimbwa, pamoja na vipuri na mafunzo.

Jimbo lina asilimia 25 yake, na bajeti yake hujadiliwa kila mwaka na wabunge tuliowachagua. Orodha niliyowapa ina mambo matano, na manne ya mwanzo hayangojei mwekezaji. Mbunge wenu akija kuomba kura, mwombeni ayasome kwa sauti, halafu aseme ni lipi kati yake limo katika bajeti ya mwaka ujao na kwa kiasi gani.

Sasa niko tayari kwa maswali, na mkanda wa kupimia presha uko mezani kwa atakayependa kuanza na presha yake.